Njia Nyembamba ya Nyabuhiri

Georgette M'Zagabe alizaliwa Nyangezi, kwenye kilima ambacho maji yako chini na nyumba iko juu. Tangu utoto alijua mlima ni nini. Mlima ni ndoo. Mlima ni mzigo wa mihogo mgongoni, mkanda wake umekaza kwenye paji la uso mpaka shingo inaota ugumu. Kwa hiyo alipoolewa Bukavu na mwalimu wa jiografia, akakuta kwamba mwanamume huyo hupanda milima kila Jumamosi bila mzigo wowote isipokuwa chupa ya maji na kipande cha mkate, alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa.

"Unaendaka kutafuta nini kule?"

"Kuangalia tu," Edouard akajibu.

"Kuangalia nini? Mihogo?"

"Njoo siku moja utaona."

"Mi nilisha ona. Nilisha panda yote ya maisha yangu."

Hakwenda hata mara moja. Miaka ikapita, wakapata binti yao Carine, Georgette akapata kazi katika maktaba ya chuo kikuu kimoja cha mjini, na Jumamosi zikagawanyika hivyo: Edouard milimani, Georgette sokoni na kwenye mazoezi ya kwaya. Hawakugombana juu ya jambo hilo. Lilikuwa kama vile mmoja anakunywa chai na mwingine anapenda kahawa.

Edouard hakuwa peke yake. Yeye na rafiki yake Delphin, mhasibu katika shirika moja la misaada, walikuwa wameanzisha kikundi cha watembeaji. Kulikuwa na walimu, manesi, mfanyakazi wa benki, na mzee Modeste, katekista mstaafu ambaye magoti yake yalikuwa mazima kuliko ya vijana. Walikuwa wakipanda minibusi mapema, wanashuka upande wa Walungu au wa Kabare, wanapanda kilele kimoja, wanaingia pango kama lipo, na kabla jua halijazama wamerudi mjini wakiwa na matope mpaka magotini. Wakulima waliokutana nao njiani walikuwa wakisimamisha jembe na kuwatazama. Wengine waliuliza kama wanatafuta dhahabu. Wengine waliogopa kwamba wamekuja kupima mashamba. Ilipojulikana kwamba hawatafuti chochote, wakapewa jina: bazungu beusi. Edouard alilipenda jina hilo sana. Aliliandika kwenye picha ya kikundi katika simu.

Alikufa Jumamosi moja ya mwezi wa Tano, mvua za mwisho za msimu zikiwa bado hazijaisha.

Georgette alikuwa kwenye soko la Nguba, ameinama juu ya beseni la sambaza. Simu ikalia. Alikuwa Delphin, lakini sauti haikuwa ya Delphin, ilikuwa nyembamba kama ya mtu anayepiga simu kutoka ndani ya kisima. Alisema Edouard ameanguka. Wapi? Mlima wa Nyabuhiri, kwenye njia ya kuelekea pangoni. Jiwe lilikatika. Wako chini naye sasa. Georgette akauliza kama amevunjika mguu. Delphin akasema, "Maman Carine, hatuko naye tena."

Alikata simu. Mwanamke wa sambaza alikuwa bado ameshika kikombe cha kupimia, anamngoja. Georgette akasema, "Ongeza zile za chini, hizi za juu zimekauka." Akaongezewa. Akasema zifungwe vizuri zisichuruzike. Akapanda kilima cha kwao, akafika nyumbani, akawatoa matumbo samaki wale wadogo mmoja mmoja, kazi ambayo watu wengi hata hawajisumbui kuifanya, akawakaanga na vitunguu. Carine alitoka chumbani kwa harufu, akachukua kijiko, akaonja kwenye sufuria.

"Mama, leo zimetoka vizuri."

"Papa yako amekufa," Georgette akasema. "Ameanguka ku mulima."

Carine hakumsamehe kijiko kile. Alisema hivyo baadaye, mbele ya watu.

Kwenye kilio nyumba ilijaa. Viti vya plastiki viliazimwa parokiani, turubai likafungwa uani, wanawake wa kwaya wakaimba mpaka wakakauka koo. Mama yake Edouard alishuka kutoka Kabare akilia tangu barabarani, akaangushwa na uchungu mlangoni, akabebwa. Walimu waliofundisha na Edouard wakalia. Wanafunzi wa Edouard, vijana wakubwa wenye ndevu, wakalia. Georgette alikaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, mikono juu ya mapaja, akitazama ukuta ambao rangi yake ilikuwa imebambuka kwenye kona moja. Alikuwa akifikiri kwamba kona ile inahitaji kupakwa.

Kuna mwanamke aliyemfinya mkono kwa siri, kumsaidia aanze. Hakuna kilichoanza.

"Machozi yake iko wapi?" mama mkwe aliuliza siku ya tatu, si kwa kunong'ona. "Mutoto wangu alikaa na huyu mwanamuke miaka yote ile. Machozi iko wapi?"

Georgette alisikia. Alitaka hata yeye kujua. Alijichunguza ndani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko wa koti, akakuta mfuko mtupu. Hakuna maumivu, hakuna hasira. Kulikuwa na baridi kidogo, na usingizi.

Alirudi kazini baada ya wiki chache. Aligonga mihuri kwenye vitabu, aliwaambia wanafunzi wapunguze kelele. Chakula alikila kwa sababu saa ya kula imefika. Jumapili alikwenda misa, akasimama watu waliposimama, akakaa walipokaa. Padri akamwambia kila mtu ana njia yake ya kuomboleza. Georgette akamshukuru. Alipokuwa akitoka sakristia alijaribu kukumbuka padri amesema nini, akashindwa.

Carine ndiye aliyeumia zaidi na hali hiyo. Alikuwa mwaka wa pili wa sheria, msichana anayelia haraka na kucheka haraka, kama baba yake. Siku moja, wakiwa wanaanika nguo, alishika shati la Edouard lililobaki na kumgeukia mama yake.

"Mama, ulikuwaka unamupenda papa?"

"Ndiyo."

"Unasema 'ndiyo' kama muntu anaulizwa kama stima imerudi."

Georgette akachukua shati, akalikung'uta, akalibana kwenye kamba. Stima ilikuwa imerudi kweli; redio ya jirani ilianza kuimba.

Delphin hakuonekana tangu mazishi. Mke wake alileta unga, alileta mafuta, alisema Delphin ana kazi nyingi. Kisha mwezi wa Nne ulipokuwa unaisha, alikuja mwenyewe. Alikuwa amekonda. Akakaa kwenye ukingo wa kochi kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Maman Carine, shiye wa kikundi tumewaza. Mwaka unatimia. Tunataka kupeleka musalaba kule pangoni. Papa Modeste atasali. Hatukulazimishi. Lakini tuliona si vizuri kwenda bila kukuambia."

"Nitakuja," Georgette akasema.

Delphin akainua kichwa. "Utakuja mpaka juu?"

"Bilato ndio sina," akasema, akitazama ndara miguuni mwake. "Nitaazima."

Carine alikataa kwenda. Alisema hawezi kukanyaga mahali pale, na hamwelewi mtu anayeweza.

Walitoka mjini asubuhi ya Jumamosi, minibusi moja, msalaba wa mbao umelazwa juu ya magoti ya watu wa kiti cha nyuma. Kwenye kizuizi askari mmoja aliuangalia akauliza nani amekufa. Mzee Modeste akasema, "Ndugu yetu," na askari akawafungulia kamba. Walishuka mbali baada ya Walungu, mahali barabara ya magari inapokata tamaa, wakaanza kutembea katikati ya mashamba ya maharage na migomba. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Udongo mwekundu ulishika viatu. Wanawake walikuwa wakipanda njia ileile na mizigo ya kuni, wakiwapita bila kupunguza mwendo, na Georgette aliona shingo zao, akaona jinsi wanavyoweka nyayo kwa upande. Miguu yake mwenyewe ilianza kufanya hivyo kabla hajaiambia. Ndani ya viatu vya kuazima, vidole vilitafuta ardhi.

Chini ya mlima wenyewe kulikuwa na nyumba moja ya udongo na shamba la mihogo. Mwanamke mnene, umri wake karibu na wa Georgette, alitoka akijipangusa mikono. Delphin akamsalimia kwa Mashi, lugha ya pale, akamwonyesha Georgette, akasema yeye ndiye mke. Kisha akasogea pembeni, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Mwanamke huyo aliitwa Maman Sophie. Ndiye aliyesikia kishindo siku ile, na ndiye aliyefika wa kwanza.

"Nilikuwa ku shamba," alisema. "Nikawaza ni mbuzi yangu imeanguka. Nikakimbia. Nikakuta ni muntu."

"Alisema kitu?" Georgette akauliza, kwa sababu aliona ndilo swali linalotakiwa.

"Hapana. Alikuwa amekwisha kwenda. Uso wake haukuharibika, mama. Hilo nakuambia. Nikatoa kikwembe changu kiunoni nikamufunika, sababu nzi walianza kuja."

Georgette akafikiri. "Kikwembe cha majani ya kijani, na ndege?"

"Ndiyo!"

"Kilikuja naye mpaka mjini. Sikujua ni cha nani. Nilikifua. Ninapigaka pasi juu yake. Kile chenyewe ndicho natandika ku meza."

Watu wa kikundi waliokuwa karibu wakaangalia chini. Lakini Maman Sophie alicheka, kicheko kikubwa cha tumbo, akampiga Georgette begani.

"Bon, inafanya kazi! Kumbe iko nafanya kazi mu ville, kule Bukavu!"

Georgette alitamani kucheka naye. Mdomo wake ulifunguka kidogo. "Nitakurudishia," akasema.

"Achana nayo. Ukikaa bila, utapigia pasi wapi?"

Akaingia ndani akatoka na mateke, yaani magimbi, ya kuchemsha kwenye jani la mgomba, akawapa yakiwa ya moto. Walikula wamesimama, kisha wakaanza kupanda.

Kilele cha Nyabuhiri si kigumu. Ni majani, mawe, upepo, na ukifika unaona vilima vingine vimepangana mpaka macho yanachoka. Walisimama pale, kila mtu akatafuta jambo la kutazama. Georgette alitazama. Hiki ndicho Edouard alikuwa anakuja kukiangalia. Aliona vilima. Aliona moshi wa tanuri la matofali. Alingoja kidogo, kwa heshima, kama kuna kitu kitakuja. Kisha akauliza pango liko upande gani.

Pango liko upande wa nyuma, chini kidogo ya kilele, na kulifikia lazima ufuate njia nyembamba iliyochongwa na mbuzi na maji katika ubavu wa mwamba. Upande wa kushoto ni jiwe. Upande wa kulia hakuna kitu. Wazee wa pale wanasema wakati wa vita watu walijificha pangoni kwa sababu hiyo hasa: anayekufuata lazima aje mmoja mmoja. Njia si ndefu. Kwa mguu wa kawaida ni muda wa kusali Baba Yetu bila haraka. Lakini katikati kuna mahali palipomomoka, na hapo ndipo jiwe lilipokatika chini ya Edouard.

Delphin alitangulia, kwa kuwa ndiye aliyeijua njia, na alikuwa amejifunga msalaba mgongoni. Nyuma yake akafuata mzee Modeste, kisha Georgette, kisha wengine. Walikwenda kimya. Walipofika karibu na mahali pale, mstari ukasimama.

"Kuna nini?" mtu akauliza kutoka nyuma.

Delphin alikuwa amebandika tumbo lake kwenye mwamba. Mikono yake ilikuwa imekumbatia jiwe, shavu juu ya jiwe, macho yamefumbwa. Msalaba mgongoni ulikuwa unatetemeka.

"Delphin," mzee Modeste akamwita taratibu. "Mutoto wangu, rudi nyuma mguu moja."

"Siwezi."

"Basi endelea."

"Siwezi! Musinisukume!"

Hakuna aliyekuwa anamsukuma. Nyuma mwanamke mmoja akaanza kulia, mwingine akasema rozari kwa sauti. Mzee Modeste akageuza kichwa, na Georgette akaona kwamba hata yeye midomo imekauka. Akaona pia kwamba katikati yao wote yeye peke yake anapumua kama kawaida. Alitazama chini upande wa kulia. Kulikuwa na vichwa vya migomba, paa la Maman Sophie dogo kama kibiriti, na mwamba wenye madoa meupe. Alitazama kama mtu anavyotazama kutoka dirishani.

"Papa Modeste, bana ubavu, nipite."

"Maman Carine, apana."

"Nipite."

Alimpita mzee, tumbo kwa mgongo, akamfikia Delphin. Hakumshika kwanza. Aliweka kiganja kwenye mwamba karibu na uso wake, ili akifungua macho akione.

"Delphin. Mi niko hapa."

"Nilimushika," Delphin akasema ndani ya jiwe. "Nilimushika mukono, Maman Carine. Nilikuwa naye. Ilikuwa na matope. Ikateleza."

Hilo Georgette hakuwa amelisikia. Hakuna aliyemwambia. Alijua kwamba neno kama hilo, katika maisha mengine, lingemwangusha palepale. Likapita ndani yake kama upepo katika nyumba isiyo na milango.

"Sawa," akasema. "Sasa sikiliza. Fungua macho. Usiangalie kule, angalia kisigino changu. Tu kisigino. Mi naweka mguu, we unaweka pale mi nilitoa. Kama kubeba mihogo. Ulisha beba mihogo?"

"Sijabeba."

"Leo unabeba."

Akapita mbele yake. Ilibidi aning'inize mguu mmoja kabisa nje ya njia, na wale wa nyuma waliacha kusali. Kisha akashika mkanda wa msalaba uliokuwa umefungwa kifuani mwa Delphin, akaweka unyayo kwa upande, kama wale wanawake wa kuni, akajaribu ardhi, akaiamini, akahama. Kisigino chake kikatoka; kiatu cha Delphin kikaja pale. Mahali palipomomoka palikuwa na hatua moja tu kubwa. Aliivuka, akageuka, akamvuta Delphin kwa mkanda kama mbuzi anayevutwa mtoni. Akavuka. Georgette akarudi, akamvusha mzee Modeste. Akarudi tena. Alivusha wote, mmoja mmoja, na sauti yake haikubadilika hata mara moja.

Ndani ya pango kulikuwa na baridi na harufu ya popo. Maji yalidondoka mahali fulani nyuma gizani. Waliusimamisha msalaba kwa mawe, mzee Modeste akasoma, wakaimba ubeti mmoja, na ndani ya pango sauti chache zilijaa kama kanisa. Wote walilia. Delphin alilia akiwa amepiga magoti, kamasi zikimtoka, bila aibu. Georgette alishika mshumaa. Nta ilimdondokea mkononi akaisikia ni ya moto, akaitoa kwa kucha. Walipomaliza alisema, "Tukule, bado kuna kurudi." Akakata mkate, akagawa parachichi.

Kurudi, hakuna aliyejadili nani atangulie.

Habari ile ilienea mjini kwa namna yake. Katika kwaya ilisemekana Mama Georgette amewabeba wanaume wawili mgongoni. Kikundi kikamwomba awe kiongozi. Alikubali, kwa sauti ileile aliyokubali nayo mambo yote. Akanunua viatu vyake. Kiangazi kizima na miezi iliyofuata alitembea mbele: vilima vya Kabare, mapango madogo upande wa Nyangezi ambayo alikuwa akiyajua tangu utoto na kukatazwa kuyaingia, miamba ambayo Edouard mwenyewe alikuwa ameiacha. Watu walimsifu ujasiri. Mara moja tu alijibu, akimwambia Delphin walipokuwa wanangoja basi.

"Si ujasiri. Jasiri ni ule anaogopa, kisha anaenda. Mi sisikii kitu."

"Hata sasa?"

"Hata sasa."

Delphin akatikisa kichwa. Tangu siku ile ya pangoni alikuwa ameanza kulala vizuri, kula, hata kunenepa. Alimtazama Georgette kama mtu anavyomtazama aliyemwazima koti wakati wa mvua, akagundua kwamba mwenye koti bado amelowa.

Mama mkwe naye alisikia. Alituma ujumbe kutoka Kabare: kwamba mwanamke anayecheza kwenye mwamba uliomuua mumewe ni mchawi au ni mgonjwa. Georgette akamtumia sukari na sabuni, kama kila mwezi.

Ilikuwa Desemba, kabla ya Noeli, walipokwenda kwenye kilima kimoja upande wa Mumosho, juu ya mto Ruzizi. Kilima cha bure kabisa. Watoto wa shule hupita pale na madaftari kichwani. Njia pana. Hakukuwa na mvua. Georgette alikuwa mbele, anaongea na nesi mmoja juu ya bei ya vitambaa vya sare ya kwaya, akakanyaga kijiwe cha mviringo. Mguu ukateleza. Alikalia matako, akaserereka kidogo kwenye majani, labda urefu wa kitanda, akakwama hapohapo. Hakuna alichoumia. Watu walicheka kidogo, na nesi akamnyooshea mkono.

Hakuushika. Alikuwa ameketi pale, anatazama mto chini, ambao ulikuwa mbali na haukuwa na hatari yoyote, na moyo wake ulikuwa unagonga masikioni. Mikono ilikuwa imeng'oa majani na bado inayashikilia. Jasho lilimtoka mgongoni, baridi.

"Uliumia, Maman Carine?" Delphin akauliza, akichuchumaa.

"Hapana."

"Basi nini?"

Alichukua muda kulipata neno, kwa sababu alikuwa hajalitumia siku nyingi. "Naogopa," akasema. "Delphin, ninaogopa. Mi nikianguka, Carine atabaki na nani?"

Hakupanda tena siku ile. Walimshusha wakimshika pande zote mbili, mwanamke aliyekuwa akivusha watu Nyabuhiri, kwenye njia ya watoto wa shule, na alisimama kila baada ya hatua chache kuuliza kama jiwe lile ni imara. Wengine walidhani anatania. Ndani ya minibusi alishika chuma cha kiti mpaka mjini.

Nyumbani Carine alikuwa anachambua mchele uani. Georgette akakaa kwenye kibao karibu naye, na viatu vyenye vumbi miguuni.

"Leo niliogopa," akamwambia.

"Nini ilikuogopesha?"

"Kuanguka. Ku kilima kidogo tu. Nikawaza vile papa yako alisikia."

Mikono ya Carine ikasimama juu ya ungo. Akasogeza kibao chake mpaka mabega yao yakagusana, wakaendelea kuchambua mchele wote wawili, ingawa ulikuwa tayari safi. Georgette hakulia. Alitetemeka kidogo, kama mtu anayepona homa, kisha hata hilo likapita, na ile hali ya zamani, ile baridi na usingizi, ikarudi na kukaa mahali pake. Si yote. Sehemu kubwa.

Aliwaambia kikundi watafute kiongozi mwingine. Hawakupata nafasi ya kumtafuta. Mwezi wa Pili vita vilivyokuwa vikisikika upande wa kaskazini vilifika mjini, risasi zikalia mitaani, na Georgette, Carine na majirani walikaa siku nzima kwenye korido ya nyumba, mbali na madirisha. Kila mlio ulimrusha Georgette kama ulivyowarusha wengine. Delphin alivusha familia yake kwenda Bujumbura. Shirika lake lilifunga. Mzee Modeste yuko, anaumwa. Kikundi kwenye simu kimenyamaza, isipokuwa mtu akifiwa. Barabara ya Walungu siku nyingine inapitika, siku nyingine haipitiki, na hakuna aliyerudi Nyabuhiri kuona kama msalaba bado umesimama.

Maktaba inafunguliwa nusu siku. Wanafunzi ni wachache, mihuri ni michache. Georgette bado anakula kwa saa. Mama mkwe alishuka Pasaka, mzee sana sasa, akalala kwao wiki moja, na hakuuliza tena juu ya machozi, alimtazama tu mkwe wake akikagua mlango mara mbili kabla ya kulala, na komeo, na dirisha, akasema, "Vizuri. Funga."

Jumamosi moja moja, ikiwa mji umetulia, Carine huvaa viatu vya baba yake, soksi mbili ili vikae, wanapanda wote wawili kwenye vilima vya juu ya Bagira. Hawaendi mbali. Carine anatangulia, mama anakuja nyuma, polepole, akishika majani. Juu wanakaa, wanakula karanga, wanaangalia. Safari ya mwisho mawingu yalianza kukusanyika upande wa mlima Kahuzi, Carine akasimama na kujipangusa.

"Mama, tushuke. Hii mvua haina mchezo. Tukatie hapa mbele, ni karibu."

Georgette akaitazama njia ya mbele. Ilikuwa fupi, yenye udongo uliong'aa.

"Kuko utelezi," akasema. "Tuzunguke ile ya mashamba."

"Tutalowa!"

"Tulowe," akasema Georgette, na akaanza kushuka kwa njia ndefu.